Nyumba Baada ya Msiba kwa Waliokaa Bila Ndoa

Ndugu zangu wa Ngamiani na Makorora hapa Tanga, asanteni kwa kufika. Mada yetu ni nyumba. Mmeishi pamoja miaka, hakuna nikahi wala ndoa ya kanisani, mwenzako amefariki. Nduguze wanakuambia arobaini ikiisha utoke.

Tenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku: urithi na mali yako. Ukidai urithi tu, utaulizwa cheti cha ndoa, na hapo wengi hukwama. Lakini kiwanja mlichonunua pamoja, au ukuta uliochangia kuuinua, sehemu yako humo si urithi. Warithi hugawana kilichokuwa cha marehemu. Fungu lako litolewe kwanza.

Na ile kauli kwamba miaka miwili ni ndoa? Sivyo hasa. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mkithibitisha mmeishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawajua kuwa mume na mke, mtachukuliwa kuwa mmeoana. Hiyo ni dhana, na inaweza kuvunjwa. Huvunjika kwa mfano marehemu alipokuwa na ndoa ya mke mmoja ambayo haijatenguliwa. Watoto wana haki yao wenyewe: Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 10, inakataza kumnyima mtoto kunufaika na mali ya mzazi wake.

Ushahidi, basi, ndio kazi kubwa. Mashahidi bora ni majirani, mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, watu waliowaona mkiishi. Tafuta mkataba wa mauziano ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa vya watoto vyenye jina la baba, risiti za saruji na mabati. Risiti zile za mashine hufifia maandishi, na baada ya muda mfupi unabaki na karatasi nyeupe. Toa kopi leo, andika nyuma tarehe na kazi iliyofanyika. Usiziache nyumbani humo. Zipeleke kwa mtu unayemwamini.

Kikao cha ukoo kikikaa bila wewe, msimamizi wa mirathi mara nyingi anaombwa Mahakama ya Mwanzo. Hapo usichelewe. Uliza karani namba ya shauri, peleka pingamizi kwa maandishi kabla ya uteuzi, ueleze unachodai na kwa nini. Akishateuliwa, bado unaweza kuomba mahakama hiyohiyo itengue uteuzi, ila ni vigumu zaidi, na nyumba huenda imeshauzwa. Msimamizi si mmiliki. Anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali ndani ya miezi 4. Iombe, uone kama nyumba yako imeingizwa yote.

Baraza la Kata tangu 2021 linasuluhisha tu, haliamui nani mwenye nyumba. Kesi ya umiliki huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asikutoe mtu kwa nguvu bila amri ya mahakama au baraza. Wala usitie dole gumba kwenye karatasi usiyosomewa yote, hata kama anayeileta ni shemeji mliyekula naye sahani moja.

Ninyi ambao nyote wawili mngali hai mna njia nyepesi zaidi. Kwa Muislamu, mwenzi asiye na nikahi hana fungu la urithi, lakini anaweza kuachiwa wasia usiozidi theluthi moja. Andikeni majina yote mawili kwenye mkataba wa kiwanja. Wosia unaweza kuuandika na kuuhifadhi RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini.