Muulize Muuza Mbegu: Ukame Upi?

Ndugu zangu, siku hizi karibu kila muuza mbegu atakwambia yake inastahimili ukame. Kabla hujatoa pesa, muulize: ukame upi?

Mvua hukosekana kwa namna nyingi. Pengine inaanza vizuri, kisha inakatika mapema na hairudi. Hapo panda mbegu ya muda mfupi, inayokomaa kwa siku 90 hivi. Hiyo haivumilii kiu. Inakomaa kabla kiu haijafika. Ila mwaka wa mvua nyingi itakupa mavuno madogo kuliko ya muda mrefu, na hilo mlijue mapema.

Kinachoniuma zaidi ni jua linaloshuka katikati ya msimu, mahindi yanapochanua. Mbelewele, yaani maua ya kiume kileleni mwa mmea, humwaga chavua kwa wiki moja hivi, basi. Kule chini, kila unywele wa gunzi ni njia ya kuelekea punje moja. Mmea ukishikwa na kiu, nywele huchelewa. Zinapotokeza, chavua imekwisha. Mvua inarudi, shamba linapendeza kwa ukijani, ukimenya gunzi unakuta mapengo. Watafiti wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, nchini Mexico walikaa na tatizo hili miaka mingi, wakichagua mimea ambayo nywele zake haziachwi nyuma na mbelewele hata katika kiu. Hapo ndipo penye ustahimilivu wa kweli wa mahindi, na mradi ulioanza mwaka 2007 ulipeleka mbegu za aina hiyo katika nchi 13 za Afrika.

Mtama hufanya vingine: ukame ukizidi unasimama kukua, mvua ikirudi unaendelea. Mbaazi hufuata maji chini kwa mizizi mirefu. Kama mahindi yanakufa karibu kila mwaka, tafadhali, msitafute tena mahindi bora; geukieni mazao kama haya.

Na mbegu chotara, ile inayotokana na kuchanganya aina tofauti, msirudishie mavuno yake shambani kama mbegu, maana kizazi cha pili hupoteza nguvu. Asiye na uhakika wa kununua kila msimu achukue mbegu ya uchavushaji huria, yaani isiyo chotara, inayochavushana yenyewe shambani. Hiyo huhifadhika misimu michache, mradi isipandwe karibu na mahindi mengine.

Mbegu mpya ijaribiwe kwanza kwenye kipande kidogo, kando ya ile uliyoizoea, zote zipandwe siku moja kwa mbolea ileile. Andika tarehe mbelewele zilipotoka na tarehe nywele zilipotoka, kwa mbegu zote mbili.