Picha Inakatikia Wapi: Kutafuta Hitilafu ya Skrini Katika Kompyuta ya Kujiundia

Ndugu mafundi, wanafunzi, na ninyi wazazi mliofuatana na vijana wenu, nawashukuru kwa kuitikia mwito. Nimeombwa nizungumzie jambo moja, nalo ni kompyuta ya mezani ambayo mwenyewe ameiunda kwa mikono yake, akanunua kila kifaa kwa fedha alizozidunduliza kwa miezi, kisha akabonyeza swichi, feni zikazunguka, taa zikawaka, na kioo kikabaki cheusi. Nimewaona vijana wakisimama mbele ya kioo cha namna hiyo na ninajua uzito wake. Ninajua pia kinachofuata mara nyingi: huitwa mtu, akatazama kwa dakika mbili, akatamka kwamba kadi ya grafiki, yaani kifaa kinachochora picha, imeungua, na mwenye kompyuta akaenda kutafuta fedha za kadi nyingine. Katika kompyuta nyingi za michezo kadi ndiyo kifaa cha bei kubwa kuliko vyote, na mikononi mwangu zimepita kadi nyingi zilizokwisha kuhukumiwa hali ni nzima kabisa. Jambo hilo linaniuma, na ndilo lililonileta hapa.

Picha haianzii kwenye kioo. Husafiri hadi kufika hapo. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, huamka kwanza, ikasoma programu ya msingi, BIOS, iliyomo katika chipu ya ubao mama, ule ubao unaobeba vifaa vyote. BIOS huikagua RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kisha huitafuta kadi ya grafiki. Kadi huichora picha ndani ya kumbukumbu yake, ikaitoa kupitia tundu la nyuma, ikapita kwenye kebo, ikapokelewa na bodi ya monita, na mwisho ikaangazwa na taa iliyo nyuma ya kioo. Safari hiyo ikikatika mahali popote, mtu aliyekaa mbele huona kitu kilekile: giza. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni kifaa gani kimeharibika, tujiulize picha inakatikia wapi, na kila jaribio tulifanyalo liwe la kuigawa njia hiyo katika vipande viwili, ili tuache kuhangaika na kile kilichokwisha kuthibitika kuwa kizima.

Tuanzie mwisho wa njia, kwa sababu ndiko kuliko rahisi. Bonyeza kitufe cha menyu cha monita yenyewe. Menyu ikionekana, kioo ni kizima na taa yake inawaka, na tatizo liko nyuma ya hapo. Isipoonekana, zima taa za chumba, chukua tochi, uimulike skrini kwa karibu na kwa upande, huku kompyuta ikiwa imewashwa. Nimefanya hivyo nikaona dirisha la Windows likiwa pale, hafifu kama maandishi ya penseli yaliyofutwa, na saa yake ikitembea kwenye kona. Kompyuta hiyo haikuwa na ugonjwa wowote. Iliyokufa ilikuwa taa ya nyuma ya kioo. Someni pia maandishi ambayo monita inayatoa. Ikisema haipokei ishara, hiyo ni habari moja; ikisema ishara iliyopokea iko nje ya uwezo wake, hiyo ni habari nyingine kabisa, maana hapo kadi inafanya kazi, kebo inapitisha, na kilichokosewa ni mpangilio wa ukubwa wa picha au idadi ya hezi, yaani mara ambazo picha huchorwa upya kila sekunde.

Sasa turuke hadi mwanzo wa njia. Subiri dakika moja au mbili tangu kuwasha, kisha bonyeza kitufe cha Caps Lock au Num Lock cha kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, mara nyingi hiyo ni dalili kwamba prosesa na RAM vinafanya kazi na kompyuta imeamka, ila haionekani. Taa isipojibu, yaelekea kompyuta haijamaliza kujikagua, na kubadilisha kebo za monita itakuwa kupoteza muda.

Tuchukue kwanza kompyuta iliyo hai ila haionekani. Hapa liko kosa ambalo nimekutana nalo kuliko yote: kebo imechomekwa kwenye tundu la HDMI la ubao mama, wakati kadi ya grafiki iko chini yake ikisubiri. Tundu hilo la ubao mama hutoa picha pale tu ambapo prosesa ina grafiki yake ya ndani. Prosesa za Intel ambazo namba zake zinaishia na herufi F, kama Core i5-12400F, hazina. Kwa upande wa AMD, Ryzen 5 3600 na Ryzen 5 5600X hazina pia, ila Ryzen 5 5600G inayo. Mtengenezaji wa ubao haweki tangazo juu ya tundu kukuonya kwamba limekufa kwa prosesa uliyoinunua, na anayeunda kwa mara ya kwanza atajuaje? Tazameni nyuma ya kasha: matundu ya ubao hukaa pamoja na yale ya USB na ya sauti, na matundu ya kadi hukaa chini yake, yakiwa yamejipanga upande mwingine. Monita ichomekwe kwenye haya ya chini.

Kompyuta ambayo haijaamka hudai subira zaidi. Bodi, yaani ubao mama, nyingi za siku hizi zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya grafiki) na BOOT (diski ya kuanzia), na ile inayobaki imewaka huonyesha hatua iliyokwama. Ikibaki ya DRAM, zima, chomoa waya wa ukutani, gusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha toa vijiti vyote vya RAM. Kwenye bodi yenye nafasi nne, rudisha kimoja tu katika nafasi ya pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ambayo kwa kawaida huandikwa A2. Sukuma mpaka usikie mlio wa kufunga pande zote mbili. Anayeogopa kuvunja ubao husukuma nusu tu, na nusu haitoshi. Mkoani Pwani, Tanga, Mombasa, popote penye hewa ya chumvi na unyevu, nimeona pini za dhahabu za RAM zikiwa zimefifia kwa uchafu, na kuzifuta taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, kisha kuzisafisha kwa spiriti na kuziacha zikauke, kukaamsha kompyuta iliyokaa kabatini mwaka mzima.

Wenye RAM za kizazi cha DDR5 nawaomba jambo moja la pekee: msizime haraka. Bodi inapokutana na RAM hiyo kwa mara ya kwanza hujifunza namna ya kuwasiliana nayo, na somo hilo huweza kuchukua dakika kadhaa huku kioo kikiwa cheusi muda wote. Anayezima baada ya sekunde thelathini huikatiza, nayo huanza upya kila anapowasha, na mwenyewe huapa kwamba ameuziwa kifaa kibovu.

Iwapo weusi ulianza baada ya kuongeza kasi ya RAM au kubadili mipangilio ya BIOS, toa betri ya mviringo ya CR2032, ile ya volti 3, waya wa ukutani ukiwa umechomolewa, subiri dakika chache, kisha irudishe. Mipangilio itarudi ya kiwandani. Na kama prosesa ni mpya kuliko ubao, kumbuka kwamba ubao hauwezi kuitambua prosesa iliyotoka baada yake mpaka BIOS isasishwe. Bodi za B450, zinazotumia prosesa za Ryzen, zilitoka mwaka 2018, na Ryzen za mfululizo wa 5000 zikaja mwishoni mwa mwaka 2020. Aliyeziunganisha bila kusasisha alipata feni zinazozunguka na giza. Bodi nyingine zina kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi ya USB hata bila prosesa kuwa mahali pake, na kabla ya kununua bodi ya mtumba ni vyema kukitafuta kitufe hicho.

Umeme nitausemea kwa ukali kidogo. Kadi hupata wati 75 kutoka kwenye nafasi iliyokaa, na zaidi ya hapo hudai waya zake: plagi ya pini 6 hutoa wati 75, ya pini 8 wati 150. Plagi ya pini 8 ya prosesa na ile ya kadi hufanana kwa mbali, lakini hazifanyi kazi moja, na isiyoingia kwa urahisi isilazimishwe. Ninaloliogopa zaidi ni waya zinazoweza kuchomolewa kwenye pawasaplai, kile kifaa kinachoipa kompyuta umeme. Ncha inayoingia kwenye pawasaplai haina mpangilio mmoja kwa watengenezaji wote, na mara nyingine hutofautiana hata ndani ya jina moja. Nimemwona mtu akiazima waya wa pawasaplai nyingine kwa sababu umeingia sawasawa, akawasha, na kwa sekunde moja diski yenye picha zote za familia yake ikaungua. Waya za pawasaplai zikae na pawasaplai yake.

Kijana mmoja ameniuliza pale mlangoni kuhusu picha inayoonekana lakini imejaa nukta za rangi na mistari. Swali lake ni zuri kwa sababu lina jaribio safi sana. Piga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe, kwa kitufe cha Print Screen, ihifadhi kama faili, halafu ifungue faili hiyo kwenye simu. Nukta zikionekana na kwenye simu, zilizaliwa kabla picha haijatoka, ama kwenye kumbukumbu ya kadi ama kwenye draiva, yaani programu inayoiendesha kadi. Zisipoonekana, zimeingia njiani: tundu, kebo au monita. Ili kuitenga draiva, ingia BIOS, mahali ambapo draiva ya Windows haijapakiwa bado. Nukta zikiwepo hata huko, na faili ya simu nayo imezionyesha, hapo ndipo nitakapokubali kusema kwamba kadi inaumwa. Na iwapo kioo huwa cheusi kwa sekunde mbili kisha kikarudi, shusha hezi kutoka 144 hadi 60. Kikitulia, mshuku kebo kwanza.

Namalizia na kebo, kwa sababu kompyuta iliyonifundisha zaidi ilikuwa nzima kila mahali isipokuwa hapo. Mwenyewe alikuwa amekwisha kubadilisha RAM na pawasaplai, na alikuwa njiani kuiuza kadi kama kifaa kibovu. Kompyuta iligoma kuamka, ila taa moja ya ubao ilibaki imefifia nyekundu hata baada ya waya wa ukutani kuchomolewa. Niliitazama taa ile kwa muda mrefu. Umeme wake ulitoka wapi? Nikachomoa kebo ya DisplayPort ya monita, na taa ikazimika papo hapo. Plagi ya DisplayPort ina pini 20, na pini ya 20 hubeba volti 3.3 zilizokusudiwa kwa adapta. Kebo ya kawaida inayotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye monita haitakiwi kuiunganisha pini hiyo mwisho hadi mwisho, lakini baadhi ya kebo za bei rahisi huiunganisha, na umeme wa monita hurudi nyuma ukaingia kwenye kadi na ubao. Nilibonyeza swichi kebo ikiwa imechomolewa, nikahesabu hadi ishirini, nikaichomeka, na skrini ya Windows ikaonekana. Tukaweka kebo nyingine iliyotengenezwa kwa kufuata kanuni, tukazima na kuwasha mara sita mfululizo, na mara zote sita picha ikafika. Kadi ile ingali inafanya kazi hadi leo ndani ya kasha lilelile.