Intakula Ndani ya Beseni la Maandazi

SELE: Karibuni tena. Leo mikono inanuka mafuta ya taa, walio karibu mnisamehe.

REHEMA: Aliye karibu ni mimi, na sisamehi. Wifi kanitumia ujumbe asubuhi: "Mwambie mwenzio beseni langu la maandazi liko wapi?"

SELE: Tutafika huko. Jumamosi nimetoa intakula ya Subaru Forester, ile rejeta ya kupooza hewa ambayo tabo, yaani feni ya kusukumia hewa, inaipeleka kwenye injini. Wenye toleo la SG5 lenye tabo mnaijua, imelala juu ya injini, chini ya ile pua ya boneti. Bolti mbili za spana 12, klipu za mipira, unafungua na ile valvu ya pembeni, unanyanyua. Nikaiinamisha...

REHEMA: Kwenye beseni la maandazi.

SELE: Ikachuruzika oili nyeusi, kama vijiko viwili.

REHEMA: Vijiko vya nani?

SELE: Makadirio, Rehema! Nikaziba mdomo mmoja kwa nailoni na mpira, nikamimina mafuta ya taa, nikaziba wa pili, nikatikisa, nikaacha ilowe, nikamwaga. Unarudia mpaka yatoke yalivyoingia. Halafu maji ya moto na sabuni ya vyombo.

REHEMA: Beseni la plastiki au bati?

SELE: Plastiki. Lile la maua.

REHEMA: Yesu wangu! Plastiki ikishika harufu haiiachii. Maandazi ya Jumapili je?

SELE: Wageni walisema iliki imezidi.

REHEMA: (anacheka) Iliki! Wakaongeza?

SELE: Mmoja alifunga na ya kwenda nayo.

REHEMA: Kwenye nailoni ileile?

SELE: Turudi kwenye gari, tafadhali.

REHEMA: Haya. Oili ilitoka wapi? Valvu ya PCV, ile ya kutolea mvuke wa injini, ikikwama, mvuke unapita na oili yake mpaka njia ya hewa. Au bomba la kurudisha oili kutoka kwenye tabo limeziba. Wewe umefua shati, jasho liko palepale.

SELE: Utelezi kidogo upo kwenye kila tabo. Nimeosha ili nijue. Nitatofautishaje oili ya leo na ya mwenye gari wa kwanza kule Japani? Baada ya mwezi nafungua, naangalia.

REHEMA: Na tabo ikiwa imechoka, mwezi huo itakuwa inafanya nini?

SELE: Shafti nimeishika, haiendi mbele wala nyuma.

REHEMA: PCV bei yake ndogo. Badilisha kwanza, ndipo uoshe.

SELE: Ukibadilisha bila kuosha, utakuta oili tena na hutajua ni ya zamani au mpya.

REHEMA: Sikubali.

SELE: Hata mimi.

REHEMA: Tunaoneshwa saa, dakika moja. Na tulikuwa na dondoo tano!

SELE: Basi, tutoe dondoo ya kukausha tu. Anika juani kutwa nzima, midomo ichungulie chini, kompresa ukiipata ipulize. Mafuta yakibaki ndani injini inayavuta. Ya dizeli inaweza kupandisha resi yenyewe, unazima ufunguo na haizimiki.

REHEMA: Na kostiki soda wasitie, inakula alumini. Petroli nayo...

SELE: Mbali na jiko la mkaa! Nyingine wiki ijayo.

REHEMA: Wiki ijayo tunaanza na PCV.

SELE: Tunaanza na kuosha. Kwaherini!

REHEMA: Sele, sijamali—