Ni Mbu Gani?
Mhadhara kwa wanafunzi wa sayansi ya viumbe, Moshi

Asanteni. Mwenyekiti ameniomba nieleze safari yangu yote ya utafiti wa wadudu, tangu mwanzo mpaka leo. Naomba aniwie radhi, nitakaa kituo kimoja muda mrefu. Walionisikia huko nyuma wanakijua.

Nilipokuwa kijana nilikaa msimu mzima wa mpunga kwenye majaruba ya Lower Moshi, eneo la umwagiliaji karibu na mji huu, nikikamata mbu. Alfajiri tunaingia vyumbani na tochi na kimrija cha kunyonyea, jioni tunakwenda mazizini. Mbu wote walifanana, nikawaandika wote gambiae, yaani mbu maarufu wa malaria, nikawatia kwenye chupa moja ya spiriti: wa ukutani, wa zizini, wa chini ya migomba.

Usiku mmoja mzee mwenye zizi alinitazama, akasema, "Mwanangu, mbona unawachanganya hawa wa ng'ombe na wale wa ndani? Tabia zao si moja." Nikamjibu kwa heshima kwamba kitaalamu ni mbu yule yule. Vipimo vya vinasaba vilipokuja, karibu wote wakaonekana ni arabiensis, ndugu wa karibu wa gambiae. Jina nikawa nimelipata, lakini nani alitoka chumbani na nani alitoka zizini, hilo lilikuwa limezama kwenye ile chupa. Nalionea uchungu mpaka leo.

Tuelewane hapo. Huyo tuliyemwita Anopheles gambiae ni ukoo mzima. Katika miaka ya 1960 watafiti waliwazalisha mbu waliodhaniwa ni wa aina moja, wakapata chotara ambao majike yanazaa na madume ni tasa. Mwanabiolojia Mwingereza, Haldane, alishaandika tangu 1922 kwamba chotara wa spishi mbili wakipata hitilafu, huanza na jinsia yenye kromosomu za jinsia zisizofanana. Kwa mbu hawa ni madume. Kwa hiyo utasa ule ulikuwa ushahidi: hawa wameshaachana kimageuko, ingawa sura haijaachana. Yuko merus wa maji ya chumvi kule pwani. Yuko quadriannulatus, anayependa mifugo na hahesabiwi kuwa msambazaji wa malaria. Yuko gambiae mwenyewe, anayemfuata mtu mpaka kitandani. Na yuko arabiensis wetu, anayekunywa damu ya mtu na ya ng'ombe, akishiba anapumzika ndani au nje. Wapange majike hao chini ya darubini, macho yako hayatakusaidia. Mtafiti Mwitaliano Mario Coluzzi na wenzake waliwatambua kwa michirizi ya kromosomu zilizochukuliwa kwenye ovari. Tangu 1993 kuna kipimo cha PCR, kinachonakili vinasaba mpaka vionekane, na mguu mmoja wa mbu unatosha.

Mtasema, "Mwalimu, si ndiyo hayo? Mashine ipo, kulala zizini kwa nini?" Nimelisikia hilo mara nyingi na linanichosha. Mashine itakupa jina. Haitakuambia mbu alikuwa ukutani au nje kwenye majani, wala alikuja saa ngapi. Na dawa ukoko tunapulizia wapi? Ukutani! Mbu aliyekunywa kwa ng'ombe na kulala kichakani ameguswa wapi na dawa hiyo? Sehemu nyingi za Afrika Mashariki vyandarua vyenye dawa vilipoenea, gambiae alipungua na arabiensis akabaki. Anayeandika tu "mbu wamepungua" hajaona nusu ya habari.

Hapa hapa Lower Moshi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilichapishwa kwamba kijiji cha mpunga kilikuwa na mbu wengi kuliko kijiji cha jirani kisicho na umwagiliaji, lakini uambukizaji wa malaria ulikuwa mdogo zaidi. Mbu wengi, malaria kidogo! Kulielewa jambo hilo unahitaji kujua mbu ni nani, anakunywa kwa nani, na wenye nyumba wana uwezo gani wa kununua chandarua na dawa. Kuhesabu vichwa hakutoshi.

Naona naonyeshwa saa. Usugu wa mbu kwa dawa nitaugusa tu: kwa gambiae wa ukanda wetu herufi moja ya jeni inabadilika, asidi amino iitwayo leusini inakuwa nyingine, serini, kwenye mlango wa sodiamu wa neva, na dawa ya jamii ya pairethroidi, ile ya kwenye vyandarua, inashindwa kumwangusha mbu kama zamani. Huo ni mageuko yanayotokea vyumbani mwetu. Funestus na stephensi, mbu wengine wa malaria, nilikuwa nimewaandalia picha, zitasubiri.

Jumamosi gari linaondoka hapa saa kumi jioni kwenda majarubani. Kila mmoja aje na tochi na vichupa vidogo. Kila mbu chupa yake, na ndani yake kikaratasi: mahali, saa, ndani au nje. Andikeni kwa penseli. Wino wa kalamu unayeyuka kwenye spiriti.