Nafasi Nyingine kwa Gharama ya Nani?

Mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Wanaonifahamu wanajua kwamba kila ninapopewa jukwaa la kuzungumzia michezo hulirudia jambo moja, na leo nitalirudia tena, kwa sababu viongozi wa klabu bado hawajanijibu. Mchezaji hodari anapompiga mwanamke, wanaompa nafasi nyingine ni watu ambao hawakupigwa. Sijaona kisa kinachodhihirisha hilo kuliko cha Lawrence Phillips, mkimbiaji wa futiboli ya Kimarekani, mchezo wa kubeba mpira mkononi, ambaye safari yake kama mchezaji wa kulipwa iliishia katika ligi ya Kanada mwaka 2003.

Habari za utoto wake katika makao ya watoto huko California mmezisikia, kwa hiyo naanzia Septemba 1995, mjini Lincoln, jimbo la Nebraska. Phillips alikuwa nyota wa timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska, iliyokuwa bingwa wa taifa. Usiku mmoja aliingia kwa nguvu katika nyumba ya mchezaji mwenzake, akamkuta humo msichana aliyewahi kuwa mpenzi wake, akampiga na kumburuta kwenye ngazi. Msichana huyo naye alikuwa mwanamichezo wa chuo hichohicho, akicheza mpira wa kikapu. Kocha Tom Osborne alimsimamisha Phillips, kisha baada ya michezo sita akamrudisha. Alieleza kwamba kijana yule alihitaji utaratibu na nidhamu ya timu, na kwamba kumfukuza kabisa kungemwacha bila msaada wowote.

Simshutumu Osborne kwamba hakuwa na huruma. Naamini alimjali kijana yule kwa dhati. Hata hivyo, kila ninapoipima hoja yake nakuta inapungukiwa palepale: ikiwa alichohitaji Phillips ni malezi, angeweza kupewa malezi hayo bila jezi. Angebaki darasani, angeendelea kukutana na washauri, angekula meza moja na wenzake, na Jumamosi, siku ya mechi, angeketi jukwaani kama mwanafunzi mwingine yeyote. Badala yake, tarehe 2 Januari 1996, katika Fiesta Bowl, mchezo ulioamua ubingwa wa vyuo, alikimbia na mpira yadi 165 na Nebraska ikaichapa Florida 62 kwa 24. Kilichoinufaisha timu ndicho kilichoitwa tiba ya mchezaji, na mimi nasema kwamba tiba ya namna hiyo lazima itiliwe shaka.

Nitajibiwa kwamba mahakama ilikwisha kumaliza kazi yake, kwa kuwa alipewa kipindi cha kuwa chini ya uangalizi. Jibu hili nimelisikia mpaka limenichosha! Mahakama hupima adhabu. Haimpangi mtu katika kikosi. Kupanga kikosi ni uamuzi wa klabu, na klabu haiwezi kujificha nyuma ya hakimu.

Yaliyofuata yalirudia mkondo uleule. St. Louis Rams, timu ya ligi ya kulipwa ya Marekani, walimchagua akiwa wa sita katika usajili wa wachezaji wapya wa 1996, wakamwacha mwaka uliofuata. Miami Dolphins wa ligi hiyohiyo wakamchukua, naye akashtakiwa kwa kumpiga mwanamke katika klabu ya usiku huko Florida. San Francisco nao wakamjaribu. Mwaka 2002 akawa na Montreal Alouettes wa ligi ya Kanada, akakimbia yadi 1,022, akavuka mstari wa mwisho mara 13, na timu ikatwaa Kombe la Grey, yaani ubingwa wa ligi hiyo. Wapo wanaosema kwamba Kanada ilikuwa kimbilio tu la walioshindwa kwingine. Hawaujui mchezo huo. Uwanja wa kule una urefu wa yadi 110, kila upande una wachezaji 12, na timu hupewa majaribio matatu, badala ya manne kama Marekani, ya kusogeza mpira yadi kumi. Mkimbiaji dhaifu hafiki popote, na Montreal hawakumsajili kwa kumhurumia. Mwaka 2003 walimwacha wakitaja mwenendo wake, na mwaka uohuo Calgary Stampeders wakamchukua, kisha nao wakamwacha baada ya kugombana na kocha.

Naona Mwenyekiti ananionyesha saa, basi nifupishe. Mwaka 2005, mjini Los Angeles, aliwagonga vijana watatu kwa gari kwa makusudi baada ya ugomvi uwanjani. Hukumu ya kosa hilo, pamoja na ile ya kumshambulia mpenzi wake huko San Diego, zilimfungia zaidi ya miaka 31. Alifariki Januari 2016 katika gereza la Kern Valley, akiwa na umri wa miaka 40, huku akikabiliwa na shtaka la kumuua mfungwa mwenzake.

Nilikusudia pia kuwaeleza kesi ya Trevis Smith, mchezaji wa Saskatchewan Roughriders wa ligi hiyo ya Kanada, aliyehukumiwa mjini Regina mwaka 2007 kwa kuwaficha wanawake wawili kwamba alikuwa na virusi vya UKIMWI. Ina maswali mengine magumu ya sheria na siri za wagonjwa, na sitaki kuyapitia juu juu. Kwa leo nawaomba viongozi wa klabu mlioko hapa mnijibu moja tu: mnapomsajili mtu mwenye rekodi kama ya Phillips, ni nani kati yenu anayekwenda kuzungumza na waliojeruhiwa kabla mkataba haujatiwa saini?