Muuza kanda kaenda wapi?

Haya, shikamooni wakubwa, na nyie wengine mambo vipi. Samahani tumechelewa kuanza, projekta imegoma kabisa kuongea na laptop yangu kwahiyo leo hamtaona picha yoyote, mtanisikiliza tu, na kwa kuwa tunaongelea mziki wala sio hasara.

Mi sio mwalimu. Mi ni fundi mitambo, nafunga spika kwenye maharusi na mikutano, yani kila wikiendi nasikia mziki masaa nane ambao sijauchagua mimi. Ndo maana ule ninaouchagua mwenyewe nautafuta kama mtu aliyepoteza simu.

Nimeambiwa niongelee jinsi ya kupata albamu za wasanii wanaojitegemea huko mtandaoni, hawa wasio na lebo kubwa wala tangazo barabarani. Sasa naomba nianzie Temeke, miaka ya 1990. Mtaani kwetu kulikuwa na kibanda cha kurekodi kanda, wakubwa mnavijua vile vibanda. Unaenda na kanda yako tupu, ya dakika 60, au ya 90 kama umepata hela ya sikukuu, unamwambia jamaa nirekodie Msondo, ile bendi ya dansi. Ukimwambia upande huu Msondo na upande wa pili Sikinde, wapinzani wao, anakuangalia kama umevaa jezi ya Simba na kofia ya Yanga. (Mmecheka wakubwa tu, vijana mtaelezwa nyumbani.) Kesho yake unaifuata kanda. Sasa nyimbo ulizoagiza zikiisha, kanda inabaki na dakika kama nne hivi mwishoni, na yule bwana hakuwa anaacha patupu, anakujazia kitu anachokijua yeye. Taarab ya Mombasa, rumba ya Kinshasa, siku moja aliniwekea mtu anapiga zeze peke yake sijui hata alimtoa wapi. Hakuandika jina. Nikarudi kumuuliza, akaniambia ndo maana nimekuwekea, ili urudi.

Mi mziki nimejifunzia kwenye zile dakika nne.

Leo yule bwana hayupo, kibanda kinauza kava za simu. Badala yake tuna programu za kustrimi na ndani yake kuna mitambo inayokupangia nini usikilize. Siisemi vibaya, inafanya kazi yake, lakini kazi yake ni kukupa kitu kinachofanana na ulichosikiliza jana. Mi niliwahi kujaribu spika kwa wimbo mmoja wa kuingiza maharusi ukumbini, mara moja tu jamani, miezi mitatu nikawa naletewa nyimbo za maharusi kama nimeposa. Muuza kanda alikuwa anakupa kitu ambacho hakifanani. Ndo tofauti yenyewe.

Kwahiyo inabidi uwe muuza kanda wako mwenyewe. Nitawaelezea kwa mfano wa singeli, ule mziki wa kasi wa uswahilini, maana wote hapa tunajua singeli, au tunajifanya hatuijui.

Mwaka 2017 lebo moja ya Kampala inaitwa Nyege Nyege Tapes, wale wale wa tamasha la Jinja, wakatoa mkusanyiko unaitwa Sounds of Sisso. Mziki wa studio ya Sisso, Mburahati, hapa hapa Dar. Kompyuta za kawaida, vipande vya taarab na mchiriku, ule mziki wa kinanda wa mitaani, vimekatwa vikaongezwa kasi mpaka mapigo 200 kwa dakika na zaidi, mchana kutwa. Sisi huku tulikuwa tunausikia kwenye vigodoro na bodaboda, tunasema makelele ya uswahilini. Mi mwenyewe nilisema, siwafichi. Alafu mwaka mmoja mbele nimekaa nyumbani napekua mtandao wa Bandcamp, huo mtandao upo tangu 2008 na msanii anauzia albamu yake moja kwa moja pale, nikakuta ukurasa wa Sounds of Sisso na chini ya picha ya kava kuna vipicha vidogo vidogo vya watu walionunua. Wengi! Na ukigusa kipicha unafungukiwa rafu nzima ya yule mtu, kila albamu aliyowahi kununua. Nikaona watu wa Ujerumani, Japani, Uingereza, wamelipia hela yao mziki wa Mburahati, na mi niliyekuwa dakika ishirini kwa daladala sijawahi kulipa hata mia. Nikasikia aibu fulani hivi ya kimya kimya.

Wala sio jambo jipya, Siti binti Saad mwaka 1928 alipanda meli kwenda Bombay kurekodi, na watu wa pwani wakamnunua kwenye santuri zilizorudi kutoka kule. Sauti yetu inapenda kuzunguka kwanza ndo itufikie.

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe. Vile vipicha ndo vibanda vya kanda vya siku hizi. Nisikilizeni hapo maana hili ndo nililokuja kulisema na mengine ni bashrafu tu. Usiangalie albamu iliyouza sana, tafuta MTU. Ukiona mtu kanunua albamu tatu ambazo na wewe unazipenda, ingia kwenye rafu yake, tafuta ile ya nne ambayo huielewi kabisa, hiyo ndo dakika nne za mwisho za kanda. Mi nina watu kama sita hivi nawafuata, hatujawahi kusalimiana, mmoja kila mwezi ananunua kitu cha ajabu na mimi namfuata nyuma kama mtoto anayefuata gari la matangazo.

Njia ya pili ni kusoma. Albamu huru karibu zote zina maelezo, nani kapiga, nani karekodi, nani kasafisha sauti mwishoni, lebo gani. Kwenye zile programu kubwa hayo mambo yamefichwa au hayapo. Mi nilivyosoma kwenye Sounds of Sisso nikakuta jina la Bamba Pana, nikamfuata, nikapata albamu yake Poaa ya 2018. Nikamfuata Jay Mitta, nikapata Tatizo Pesa ya 2019, jina tu lilitosha kunitoa hela. Nikatoka kwa Sisso nikahamia kwa Duke, huyu ana studio yake nyingine, albamu inaitwa Uingizaji Hewa, 2019 hiyo hiyo, na hapo ndo nikashtuka kwamba singeli sio moja, mkono wa Duke sio mkono wa Sisso, kama ambavyo mpishi wa pilau wa Tanga sio wa Unguja. Huwezi kujua hilo kwa ngoma moja moja kwenye plelisti, mpaka usikilize albamu ya mtu mmoja mwanzo mpaka mwisho, ukae na ubishi wake. DJ Travella alipokuja na Mr Mixondo mwaka 2022 mi nilikuwa nishapata sikio, nilimsikia nikajua huyu dogo kaingia na njia yake.

Ndiyo, dada pale, uliza. ... Anauliza kwanini alipie wakati nyimbo YouTube zipo bure. Zipo, na msikilize, sijakataza. Lakini hesabu ya hela ni hivi. Bandcamp wanakata asilimia 15 kwenye mziki wa kudaunlodi na 10 kwenye vitu vya kushika, kanda, santuri, fulana, alafu kuna makato ya malipo, inayobaki inaenda kwa msanii au lebo yake. Ukiweka dola saba unaona kabisa zimeenda wapi. Upande wa kustrimi, Spotify, moja ya zile programu kubwa, kuanzia 2024 ngoma isiyosikilizwa mara 1,000 kwa mwaka hailipwi kitu. Sio kidogo, hailipwi. Ngoma yako watu 900 wameisikiliza, ukumbi mzima huo na wengine wamekosa viti, unapata sifuri. Kwa msanii mkubwa haimuumizi, kwa hawa tunaowaongelea leo ndo maisha yao.

Na Machi 20, 2020, corona imefunga maonesho yote, Bandcamp wakasema Ijumaa ya leo hatuchukui fungu letu, wasanii chukueni. Watu wakanunua vitu vya dola milioni 4.3 siku moja! Ikawa desturi, Ijumaa ya kwanza ya miezi fulani fulani, mi nawekaga albamu kwenye orodha nikiisubiri kama watu wanavyosubiri mshahara.

Ila msije mkadhani ni malaika. 2022 walinunuliwa na Epic Games, wale wa magemu, 2023 wakauzwa tena kwa Songtradr na nusu ya wafanyakazi hawakuchukuliwa. Na malipo mengi ya msanii yanapitia PayPal, ile huduma ya kutuma hela mtandaoni, hapo ndo vijana wetu wengi wanakwama, albamu ipo, mnunuzi yupo, njia ya hela kufika Mburahati haipo, ndo maana unakuta wengi wanapitia lebo ya Kampala au Ulaya. Hata mimi kununua mara ya kwanza haikuwa rahisi, kadi yangu ya benki ilikataliwa mara tatu, nikaenda tawini nikamwambia dada wa kaunta nataka kununua mziki wa Mburahati kutoka Marekani, akaniuliza kwanini usiende Mburahati. Sikuwa na jibu! Mwisho nilitumia kadi ya kwenye simu ikakubali, nikanunua, nikakaa naiangalia ile risiti.

Kwahiyo nunua, alafu DAUNLODI. Bando lenyewe mnalijua, ukistrimi albamu moja mara kumi umelipa mara kumi, ukidaunlodi umelipa mara moja na inacheza hata umeme ukikatika. Ihifadhi kwenye flashi. Mtandao unaweza kuuzwa kesho, flashi iko mfukoni. Albamu nyingine mwenye nayo anakwambia lipa unachotaka hata sifuri, basi chukua kwa sifuri ukiwa huna, ukipata rudi. Mi nimerudi mara nyingi, mara nyingine sijarudi, Mungu anajua.

Mfano mwingine halafu namaliza, na huu naupenda kuliko hata wa singeli. Wakenya, na watu wazima wote hapa, mnamjua Joseph Kamaru, mwimbaji wa Kikikuyu, amefariki Oktoba 2018. Ana mjukuu, jina lake hilo hilo Joseph Kamaru, kwenye mziki anajiita KMRU. Mjukuu haimbi. Anarekodi sauti, mitaa, upepo, nyaya, anazitandaza polepole, hakuna ngoma, hakuna mdundo. Mwaka 2020 alitoa albamu inaitwa Peel, kwa Editions Mego, lebo ya Vienna. Mara ya kwanza nimeiweka nyumbani, mke wangu akatoka jikoni akasema friji imeanza tena kuunguruma. Nikamwambia huo ni mziki. Akaniangalia, akarudi jikoni, akaenda kuchungulia friji vilevile.

Nikaiacha. Sikuielewa, na nilikuwa nimelipia, na hapo ndo faida moja ya kulipia ambayo watu hawaisemi, ukilipia unarudi, bure unaipita tu. Nikairudia usiku natoka kazini, masikio yamechoka na spika za watu, hedifoni, nimelala chali. Dakika ya saba au ya nane hivi nikaanza kusikia kuna vitu viwili vinasogea, kimoja chini kabisa, kingine kama bati linapigwa na jua. Hakuna aliyekuwa ananiharakisha. Kesho nikaanza kuzisikia nyaya za mtaani kwetu.

Alafu nikaenda kwenye maelezo, kama nilivyowaambia, nikakuta huyo huyo mjukuu anazirudisha kazi za babu yake kwenye Bandcamp, zile za zamani za gita. Nilienda kutafuta friji nikarudi na Kamaru mzee. Mitambo gani ingenipangia hivyo? Mtu tu, damu yake, kaweka linki.

Ndiyo baba, nimekuona tangu mwanzo. ... Mzee anasema sisi wa kanda tufanyeje, simu zenyewe hatuzijui. Mzee wangu, we una kitu hawa hawana, una majina kichwani. Kaa na mjukuu wako jumamosi moja, we taja jina, yeye atafute. Mkikosa, basi hiyo kanda yako iliyoko kabatini ndo pekee iliyobaki, iletwe kwangu nitaihamisha kwenye kompyuta, sitaki hela, ila isiwe imeliwa na fangasi, na usiizungushe kwa peni ya Bic kabla sijaiona.

Muda wangu umeisha naonyeshwa saa pale. Nimeleta spika zangu mbili, nataka tusikilize wimbo wa mwisho wa Peel wote, unapita dakika 20, anayewahi daladala aondoke sasa hivi asije akanikatia katikati. Simu mezani. Taa mnaweza kuacha.

Feni zimeni. Zote. Na ile ya pale nyuma, dada, asante.

... Hapana mama, imeshaanza.