Vunja hindi ulisome: wiki za mwisho kabla ya mavuno

Ndugu zangu wakulima na wafugaji, asanteni kwa kuja, maana najua kila mmoja wenu ameacha kazi shambani.

Nimekuja na hindi moja, nimelichuma asubuhi hii. Nalivunja katikati, mbele yenu. Nusu ya kitako naiweka chini, nabaki na nusu ya ncha. Walio mbele tazameni punje za hapa lilipovunjikia. Upande wa nje punje imekuwa ya manjano na ngumu, na ukucha hauingii. Upande wa ndani, karibu na gunzi, bado ni nyeupe, na nikiibonyeza inatoa maziwa. Kati ya hizo mbili kuna mstari. Mstari huo huanzia juu ya punje na kushuka kidogo kidogo kuelekea gunzi kadiri wanga unavyojaa. Katika wiki hizi za mwisho za joto sijui kitu shambani chenye maana kuliko mstari huu, na wengi wetu hatuutazami. Tunatazama kalenda.

Mimi mwenyewe niliwahi kukata mahindi ya silaji, yaani malisho ya ng'ombe yanayokatwa yakiwa mabichi na kuvundikwa shimoni bila hewa, kwa tarehe, kwa sababu mashine ilipatikana siku hiyo. Baada ya siku chache maji meusi yalianza kutiririka kutoka chini ya shimo. Yale hayakuwa maji tu, ilikuwa sukari ya ng'ombe wangu inaingia ardhini. Nilipofungua, harufu ilikuwa kali ya kuoza, na ng'ombe waligeuza vichwa. Iliniuma sana, kwa sababu zao lenyewe lilikuwa zuri. Kosa lilikuwa siku ya kukata.

Kwa hiyo tukae hapo kidogo. Silaji nzuri ya mahindi hutaka mmea mzima uwe na unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Ukizidi hapo, yanakupata yaliyonipata mimi. Ukipungua sana, majani hayashindiliki, hewa inabaki ndani, lundo linapata joto na ukungu unaingia, na punje zilizokauka zinapita tumboni mwa ng'ombe na kutoka kwenye samadi zikiwa nzima. Mstari ukifika nusu ya punje, aghalabu mmea uko karibu na kiwango hicho. Lakini nasema aghalabu. Mwaka wa ukame bua hukauka kabla ya punje, na mwaka wa mvua punje hutangulia bua. Mstari ukuambie wakati wa kupima, kisha upime.

Kupima hakuhitaji kifaa cha ajabu. Chukua mimea mizima kutoka sehemu mbalimbali, acha ile ya pembeni, ikatekate, uichanganye vizuri. Pima gramu 100. Ikaushe kwa moto mdogo bila kuiunguza, uipime tena na tena mpaka uzito usishuke. Zikibaki gramu 33, unyevu ulikuwa asilimia 67, kata. Zikibaki 28, unyevu ni asilimia 72, subiri. Kwa kawaida mmea hupoteza kama nusu asilimia ya unyevu kwa siku, kwa hiyo asilimia tano ni kama siku kumi. Hapo ndipo umtafute mwenye mashine.

Kama shamba lilipigwa na ukame, msikate mara tu mvua inaporudi. Mmea hunyonya kwa ghafla naitreti nyingi, chumvi ya udongoni ambayo ikizidi ni sumu kwa ng'ombe, nayo hukaa zaidi sehemu ya chini ya bua. Ngojeni siku kadhaa, na mkate juu zaidi, sentimita 30 kutoka ardhini. Kuvundika hupunguza naitreti, ila haiondoi yote.

Shamba la nafaka lina alama yake. Chomoa punje, kwangua kitako chake pale iliposhikana na gunzi. Ukiona doa jeusi, punje imekomaa na haitaongeza uzito tena. Bado ina unyevu wa asilimia 30 hivi, lakini kuanzia siku hiyo inakauka tu, na kila siku inayobaki shambani ni ya ndege, fukusi na mvua. Pita katikati ya shamba, sukuma mimea 20 katika kila moja ya sehemu tano, kila mmea uuinamishe kiasi cha sentimita 30. Ikivunjika zaidi ya 10 kati ya hiyo 100, mabua yameoza ndani. Vuna shamba hilo kwanza, hata kama jingine limekauka zaidi.

Ghalani mahindi yasiingie yakiwa na unyevu zaidi ya asilimia 13.5. Na hapa nawaomba sana kuhusu sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu. Huanzia shambani, hasa pale joto na ukame vinapoikuta punje inajaa. Kukausha huizuia isiongezeke, lakini hakuiondoi iliyokwisha kuingia. Punje zilizooza msimpe ng'ombe wa maziwa mkidhani mnaokoa hasara, kwa kuwa sumu hiyo hupita kwenye maziwa, na maziwa hayo wanakunywa watoto.

Nimeona mkono pale nyuma. Mama anauliza: shamba la silaji limeshapita, majani yamekauka mpaka usawa wa hindi, afanyeje?

Mama, pima kwanza. Kama limepita kidogo, kata vipande vifupi zaidi, hakikisha punje zinapondwa, tandaza tabaka nyembamba na ushindilie kila moja kabla ya kuweka nyingine, kisha funika siku hiyo hiyo. Kama limepita sana, usilazimishe. Angalia doa jeusi, sukuma mabua, ulivune kama nafaka. Mabua yatakayobaki mpe ng'ombe mkavu, asiyekamuliwa, na yule anayekamuliwa mtafutie malisho mengine.

Haya, tutoke sasa, kila mtu akavunje hindi lake.